Kinanda Hakipigwi Hivyo

Barua ya kuacha kazi aliipiga chapa mwenyewe, kwenye meza yake ileile, na haikuwa na kosa hata moja. Karani mkuu wa mahakama aliisoma mara mbili akitafuta pa kushikia, hakupata. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema kwamba tangu aanze kazi ameona watu wakiondoka kwa maradhi, kwa uhamisho, kwa kufuata waume na kwa kugombana na yeye mwenyewe, lakini kwa ajili ya kinanda ndiyo kwanza leo.

"Una miaka mingapi, mama?"

"Arobaini na sita."

"Haya," akasema, kwa ile sauti ambayo watu huzungumza nayo na mgonjwa.

Pale mahakamani walimwita Mama Nukta. Jina lilitokana na kwamba katika miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyewahi kukuta sentensi yake imebaki wazi mwishoni. Mashahidi wanaongea wanavyotaka. Kuna anayeanzia katikati, kuna anayelia, kuna anayeulizwa kuhusu ukuta akajibu kuhusu mbuzi. Lakini yakishapita kwenye vidole vya Mama Nukta, maneno yote yanakaa kwenye mstari na kila moja lina nukta yake. Mahakimu walikuja wakahamishwa, yeye akabaki. Aliweza kupiga ukurasa mzima huku anatazama ukutani, na vidole vikienda kama mvua juu ya bati. Mawakili vijana walikuwa wanasimama mlangoni kumwangalia, halafu wanaondoka wakitikisa vichwa.

Asichokijua mtu ni kwamba vidole hivyo vilikuwa na mambo yao. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu wa nyimbo alileta shuleni kinanda cha kupulizwa kwa mguu, akawafundisha watoto wanne. Watatu walikuwa wanapapasa. Yeye akisikia wimbo mara moja anautafuta mpaka anaupata, na mwalimu anabaki ameshika kiuno, anacheka peke yake. Muhula mmoja tu. Mwalimu akahamishwa, kinanda kikafungiwa stoo pamoja na majembe, panya wakala mivukuto yake. Hakuna aliyemwambia pole, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna mtu amefiwa. Akakua, akasomea kupiga chapa kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa na vitufe, akaajiriwa, akaolewa, akazaa. Na miaka yote hiyo, feni ya ofisini ikizunguka, yeye anasikia wimbo ndani yake, na vidole vinaucheza ukingoni mwa meza wakati hakimu anafikiri neno la kufuata.

Mwaka huo mtoto wa mwisho alikuwa amemaliza masomo. Mume wake, fundi wa mafriji, alikuwa na kazi ya kutosha uani kwao, friji zimejipanga ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Binti mkubwa alikuwa amerudi nyumbani kwa muda na mtoto mchanga, maana mume wake alikuwa kazini mbali. Nyumba ilikuwa imetulia. Mama Nukta akanunua kinanda cha umeme, akakiweka sebuleni kati ya kabati na dirisha, na siku ya kwanza hakukigusa, alikifuta vumbi tu ambalo hakikuwa nalo.

Halafu akasikia kwamba kuna bendi ya kupiga kwenye harusi na sherehe za kuagana, na mpiga kinanda wao amehama.

Bendi hiyo ilifanyia mazoezi nyuma ya karakana ya makochi. Mtu anapita kwanza katikati ya mbao na sponji, vanishi inamkaba koo, ndipo anaingia kwenye chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Kiongozi alikuwa mzee mwembamba wa gitaa, aliyevuka sitini, na kila mtu alimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno pekee alilowaambia wanamuziki wake wakati wa kupiga. Mama Nukta alifika Jumamosi asubuhi, akasalimia, akaketi, akapiga wimbo wa haraka alioujua. Vidole vikaruka. Mpiga dramu, jamaa mnene mwenye maneno mengi, alisimama kabisa ili aone vizuri.

"Huyu mama anakimbizwa na nani?" akauliza, na wote wakacheka, na kilikuwa kicheko cha kusifu.

Taratibu hakusifu. Alimwambia tu arudi Jumamosi inayofuata, waendelee kumsikiliza. Yeye akaenda nyumbani na ule usimamaji wa mpiga dramu moyoni, akauona kuwa ni ajira kamili. Jumatatu ndipo akapiga chapa ile barua. Siku zake za likizo zilizobaki zilitosha kufunika mwezi wa kuaga, kwa hiyo Jumanne hakurudi tena mezani.

Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini na miwili anasikiliza kesi za watu waliotia sahihi kabla ya kusoma, na yeye akafanya hivyohivyo.

Jumamosi ya pili Taratibu alimwomba apige wimbo wa polepole, ule wa maharusi kuingia ukumbini. Mama Nukta alijiweka vizuri, akaanza. Hakufika hata ubeti wa pili. Mzee aliinua mkono, bendi ikanyamaza.

"Mama," akasema, "wewe unapiga chapa."

Alidhani ni utani, akatabasamu. Mzee hakutabasamu.

"Kwani kinanda hakipigwi?" akamuuliza.

"Hakipigwi hivyo. Tunasema kupiga kwa sababu lugha haikutupa neno jingine. Kinanda kinashikwa. Wewe sauti zako zinabisha hodi halafu zinakimbia. Mwenye nyumba akifungua mlango, hakuna mtu."

Akamwonyesha. Akabonyeza kitufe kimoja kwa kidole chake kikavu, akakaa nacho, na sauti ikaenea chumbani, mwimbaji akaimba juu yake mstari mzima, naye bado ameshika. Halafu akamwambia yeye afanye. Akabonyeza. Kidole kikanyanyuka chenyewe. Akabonyeza tena kwa kukusudia, akahesabu, moja, mbili, kikanyanyuka. Ilikuwa kama kope, unaweza kuizuia isipepese kidogo tu.

Yeye alijua kilikotoka kitu hicho. Kwenye mashine za zamani za chapa, kidole kikichelewa, vyuma vya herufi vinaumana. Zilipokuja kompyuta ikawa mbaya zaidi, kidole kikikaa juu ya herufi, herufi inajizaa. Mara moja tu katika maisha yake, akiwa na mimba ya mwisho na usingizi umemlemea, alikawia kwenye herufi moja, na hakimu akasimama mbele ya watu kusoma uamuzi, akakuta neno "mshtakiwa" limeburuta mkia mpaka mwisho wa mstari. Hakimu akautazama mkia ule, akamgeukia, akasema, "Mama, huyu ameshtakiwa mara moja tu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata mshtakiwa. Tangu siku hiyo hakuna kidole chake kilichokaa mahali. Gusa, achia. Ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyosomesha watoto.

Taratibu alimpa wiki tatu. Msimu wa harusi ulikuwa unakaribia, bendi haiwezi kungoja zaidi. Kama Alhamisi ya wiki ya tatu ataupiga wimbo ule wa kuingilia ukumbini tangu mwanzo hadi mwisho bila sauti kukatika, kiti ni chake. Kama hawezi, kuna binti anayesoma chuo cha ualimu ambaye naye ameomba.

Akarudi nyumbani amekunja uso, akavua viatu, akaketi kwenye kinanda hata maji hajanywa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ni yeye na kidole. Alikuwa anakaa asubuhi baada ya chai, anabonyeza kitufe kimoja na kukitazama kidole kama askari anayemlinda mahabusu. Kikitulia, kingine kinatoroka. Akikaza mkono wote, bega linapanda mpaka sikioni na sauti inatoka yenye chuki. Mume wake alikuwa akisikia kutoka uani, akija ndani na bisibisi mkononi, anasimama, anaondoka. Siku ya nne akaja na mkanda wake mweusi wa kufungia nyaya.

"Lete mkono," akasema.

Akamfunga kidole cha kati kwenye kitufe, akakaza, akakata mkanda kwa meno. Sauti ikatoka, ikakaa. Fundi akarudi nyuma, akaweka mikono kiunoni kama mtu aliyewasha friji iliyokufa.

"Si hiyo hapo?"

"Na wimbo wenyewe una sauti mia ngapi? Utanifunga na kunifungua mara ngapi ukumbini, mbele ya bibi harusi?"

Akafikiri. "Nitakuja na mkasi," akasema.

Binti yao alicheka mpaka mtoto akaamka. Mama Nukta hakucheka. Alibandua mkanda taratibu, nywele ndogo za kidole zikaja nao, na macho yakamjaa maji ambayo alisema ni ya mkanda.

Mtoto mchanga naye alikuwa na ratiba yake. Akilala, bibi yake anatakiwa anyamaze, na mtoto alikuwa analala saa zilezile ambazo vidole vimechangamka. Kwa hiyo akavaa hedfoni, akafungia sauti masikioni. Alidhani amepata ufumbuzi. Siku moja binti yake alitoka chumbani anatembea kwa ncha za vidole, akamgusa bega.

"Mama, usikasirike. Ukivaa hizo, wewe unasikia muziki. Mimi kule kitandani nasikia taka, taka, taka. Nikifumba macho ni kama nilipokuwa mdogo, nakungoja ofisini kwako utoke, unaandika hukumu."

Hakumaanisha ubaya. Alikuwa amebeba nepi mbili mkononi na usingizi usoni, na alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake kuna uzi kwenye nguo yako. Lakini mama yake alivua hedfoni, akaziweka juu ya kinanda, akaenda jikoni akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Na kana kwamba hiyo haikutosha, jirani wa upande wa dirishani alimuuliza wakiwa wanaanika nguo kama siku hizi mahakama inawaruhusu kufanyia kazi nyumbani, maana anasikia chapa mchana kutwa.

"Ni kinanda, jirani."

"Aa. Kimeharibika?"

Wiki ya pili alinunua pedali. Hiyo inawekwa chini, ukiikanyaga sauti zinabaki hata ukiachia vidole. Alifurahi kama mtu aliyepata mlango wa nyuma. Akaipeleka mazoezini kwenye mfuko, akaikanyaga, akapiga ule wimbo wa maharusi, na sauti zote zikabaki, za mwanzo juu ya za kati, za kati juu ya za mwisho, ukawa uji wa sauti ambao hakuna bwana harusi angeweza kuuvuka. Taratibu alisubiri mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akainama mwenyewe, akaichomoa, akampa mkononi.

"Hili ni gongo la kutembelea, mama. Miguu jifunze kwanza."

Mpiga dramu akaongeza kwamba kwa wimbo ule ndoa ingevunjikia mlangoni. Wakacheka. Naye akacheka, kwa meno tu. Njiani alikuwa anajibizana nao peke yake, majibu mazuri kabisa, makali, yenye nukta mwishoni, ambayo hayakuwa na mtu wa kuyasikia. Ati miguu. Alikuwa anatembea kwa miguu hiyohiyo kwenda kazini kabla huyo wa dramu hajaota ndevu.

Jumatatu ya wiki ya tatu simu ikaita. Alikuwa karani mkuu. Alianza kwa kuuliza hali ya nyumbani, ya fundi, ya mjukuu, na alivyouliza kwa mpangilio hivyo, Mama Nukta akajua kuna jambo. Likaja. Mpiga chapa aliyeshika nafasi yake kwa muda ni binti mzuri lakini analia. Juzi ameandika shahidi alimwona marehemu akikimbia baada ya kufa. Majalada yamejaa mpaka kwenye kiti. Halafu akashusha sauti, akasema kwamba ile barua hajaipeleka juu.

"Hujaipeleka kwa nini?"

"Nilikuwa nakungoja, mama. Mtu ana haki ya kupata wazimu kidogo. Lakini Ijumaa lazima orodha ifungwe. Ukisema neno, naichana, unarudi kwenye kiti chako, na hakuna atakayejua uliondoka."

Alihisi joto kupanda shingoni. Wiki tatu amekuwa anajivunia kwamba amepiga moyo konde, kumbe barua yenyewe imelaliwa na faili. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama, nacho kilikuwa ni afueni. Hilo ndilo lililomchukiza zaidi. Alisema atajibu baada ya Alhamisi. Hakumwambia mume wake, lakini mume alikuwa amesikia. Alisema tu, akiwa amemgeuzia mgongo na kichwa kimeingia ndani ya friji, kwamba yeye hana neno, ila kiti kimoja kikimkataa Alhamisi na kingine kikajazwa Ijumaa, Jumamosi asije akamnunia mtu humu ndani.

Alhamisi alifika mapema. Kulikuwa na makochi mapya chumbani, hayajavishwa kitambaa, mbao na sponji tu, na juu ya moja alikuwa ameketi yule binti wa chuo. Binti alisimama haraka, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo. Adabu ile ilimchoma. Angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi.

Wakaanza na za haraka. Zilikwenda vizuri, vizuri sana, mpiga dramu mwenyewe alikuwa anakimbia kumfikia. Halafu Taratibu akamwashiria mwimbaji kwa kichwa, wakaingia kwenye wimbo wa maharusi.

Sauti ya kwanza aliishika. Ya pili aliishika. Alisikia jasho likishuka mgongoni, lakini kidole kilikuwa chini, kimetulia, na sauti imetandazwa sakafuni kama zulia, na mwimbaji anakanyaga juu yake. Akaingia ya tatu. Mwimbaji akamaliza mstari, akavuta pumzi.

Na kidole kikanyanyuka.

Ndipo alipoelewa, wakati umeshapita. Shahidi akivuta pumzi, Mama Nukta anaweka nukta. Miaka ishirini na miwili amekuwa akisikiliza pumzi za watu, si maneno yao, kwa sababu pumzi ndiyo inayomwambia sentensi imekwisha. Vidole vyake havikuwa na haraka tu. Vilikuwa vinafunga sentensi za watu. Wakarudia. Mwimbaji akavuta pumzi, kikanyanyuka. Wakarudia mara ya tatu, na safari hiyo alijua kinakuja, akajikaza, akauma mdomo, na kikanyanyuka mbele ya macho yake kama kidole cha mtu mwingine.

Taratibu akasimamisha bendi. Akaweka gitaa magotini. Alisema ahsante, alisema ameona juhudi, na kila aliposema neno zuri Mama Nukta alijua baya linasogea. Kiti angempa binti. Halafu mzee, kwa nia njema kabisa, akitafuta kitu cha kumfuta machozi mtu mzima, akasema kwamba hata hivyo wasipotezane. Maneno ya nyimbo zao yako kwenye madaftari yaliyochanika, nyimbo zaidi ya mia. Kama mama ana nafasi, awachapie kitabu.

Alikuwa anataka kusimama. Aliinama mbele, akaegemeza mkono wa kushoto juu ya kinanda ili ajiinue, na hapo maneno yakamtoka kabla hajainuka.

"Niwachapie," akasema. "Nimeacha kuchapia hakimu nije nichapie wapiga dramu. Sikilizeni, mimi tangu nina miaka kumi na moja nataka kitu kimoja, sikuwahi kumsumbua mtu nacho. Nimechapa talaka za watu, nimechapa mirathi yao, nimechapa wizi wa kuku kurasa arobaini. Sijalalamika. Nikaja hapa kwa miguu yangu, nikaambiwa gongo. Nimefungwa kidole kwa mkanda wa nyaya. Jirani ananiuliza kama kinanda kimeharibika. Mjukuu wangu analala, nafunga sauti, nikifungua namwamsha. Karani ananipigia simu ananiita mwenye wazimu kwa heshima. Na wewe, baba yangu, mtu mzima, unaona vidole hivi unaona taipu tu. Basi mchukueni binti, anastahili, sina ugomvi naye. Lakini mimi sichapi. Sichapi tena hata jina langu."

Kimya. Lakini hakikuwa kimya kizima. Mpiga dramu alikuwa ameinua kijiti kimoja juu, hakishushi.

"Mama," akasema polepole, bila utani, "mkono wako."

Akautazama. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya vitufe viwili vya chini, umevikandamiza kwa uzito wa mwili wote, na sauti mbili nene zilikuwa zimesimama chumbani tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, hazijatikisika, hazijakatika, amevuta pumzi kumi na mbili juu yake. Alipoona tu, mkono ukaruka kama umeungua.

"Rudia," akasema Taratibu.

Akarudisha mkono. Mwimbaji akaimba mstari. Pumzi ya kwanza, ukakaa. Ya pili, ukakaa. Ya tatu ukanyanyuka.

"Kasirika kidogo," mpiga dramu akashauri.

"Hasira haiagizwi kama chai," akajibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Binti wa chuo aliitwa akapiga. Kwenye za haraka alijikwaa mara mbili. Kwenye ule wa maharusi, kila sauti iliingia, ikakaa, ikapisha nyingine, bila kelele, kama wageni wenye adabu. Mama Nukta alisikia mwenyewe. Angependa asisikie, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

Alipokuwa anachukua mkoba, Taratibu alimfuata mpaka kwenye mbao za makochi. Akamwambia Jumamosi kuna harusi, aje ukumbini. Kutakuwa na kinanda cha pili, kidogo, nyuma, jirani na dramu. Atashika zile sauti mbili za chini, kwenye nyimbo za polepole peke yake.

"Na za haraka?"

"Za haraka hutagusa."

"Za haraka ndizo ninazoziweza."

"Ndiyo maana," akasema mzee. "Ukizishika hizo mbili msimu mzima, tutaongeza ya tatu."

Hakujua kama amepewa kitu au amenyang'anywa. Alisema ahsante kwa sababu alilelewa hivyo, akatoka. Barabarani alitembea kwa kasi, anapita watu, mkoba unampiga ubavuni. Mwanamke mwenye vidole kumi ambavyo mawakili walikuwa wanasimama kuvitazama, anakwenda kukaa nyuma ya dramu na viwili, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyepewa kengele. Na viwili vyenyewe vya hasira, si vya ujuzi. Jumamosi itakuwaje akiamka na amani moyoni?

Simu ikaita hapohapo njiani. Karani mkuu hakuweza kungoja Ijumaa.

"Ipeleke juu," akamwambia kabla hajasalimia.

Karani naye akaacha salamu. "Kwa hiyo wamekuajiri?"

Alisimama pembeni, karibu na ukuta wa duka la vyombo. Hakuweza kusema ndiyo, hakuweza kusema hapana. "Nimepewa noti mbili," akasema.

"Noti mbili? Kwa siku au kwa mwezi?"

"Noti za kinanda, mzee. Sauti. Nimepewa sauti mbili."

Akamsikia anapumua. Alikuwa anatafuta la kusema, mtu mwema, hakuwa na faili la jambo kama hilo. Mwishowe akasema ataipeleka asubuhi, lakini mpaka asubuhi simu yake iko wazi. Mama Nukta akasema ipelekwe leo. Alitaka iende kabla miguu yake haijapoa.

Nyumbani mume wake alikuwa uani, friji imelazwa ubavu. Binti alikuwa mlangoni, mtoto begani, anampigapiga mgongo. Wote wawili walimtazama usoni kwanza, kisha mikononi, kana kwamba jibu lingekuwa huko.

"Wamekuchukua?" fundi akauliza.

"Wamechukua vidole viwili."

Akashusha bisibisi. Akataka kucheka, akamtazama vizuri, akaacha. "Na hivi vinane?"

"Hivi vimebaki na hasira," akasema, akapita katikati yao akaingia ndani. Wakasikia kiti kikivutwa. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amesinzia, na binti alifungua mdomo kumwambia mama yake avae hedfoni, lakini baba yake akamshika mkono. Sauti mbili nene zikatoka dirishani, zikakaa muda kidogo, zikakatika. Wakasikia matusi madogo ya mtu mstaarabu. Zikaanza tena.